Sikio la Kulia

Baba ameacha mizinga kumi na mmoja, deni la mbao,
na vile vifaa vyake viwili vya kusikilizia
ndani ya kopo la tumbaku.
Gašper alisema tuvitupe.
Mimi nilivipasua kwa kisu cha kumenyea viazi:
katika kila kimoja, maikrofoni
ndogo kuliko punje ya mtama,
nyaya tatu, laini kama unywele wa kitoto kichanga.

Elektreti ni kitu cha ajabu. Chaji yake
ilifungiwa kwenye utando siku ilipoundwa,
haitoki, haikopeki,
lakini ya kusemea haina.
Ina mali, haina pumzi.
Sharti uilishe volti moja na ushei,
mlo wa ile betri ya ukubwa wa kifungo
ambayo Baba aliibandua kila Jumapili kabla ya misa
ili padri ahubiri peke yake.

Meza yangu ya sauti hutoa arobaini na nane.
Hutoa kimyakimya, katika nyaya zilezile za kuletea sauti,
ndiyo maana mafundi wakauita umeme wa mzuka:
wenyewe unapanda na riziki, sauti inashuka,
wanapishana ngazini bila kugusana mabega.

La kushoto nililiua mimi.
Usiku, mvinyo, haraka. Nikaliunganisha moja kwa moja.
Likasema tik, kama chawa juu ya ukucha,
kisha hapakuwa na kitu, hata uvumi.
Mwenye kiu hapewi mto. Hupewa kata.

Kwa la kulia, basi, nikatafuta kata
katika bati la biskuti, mabaki ya kiwanda cha simu
kilichofungwa kule Kranj nikiwa shuleni:
kinzani yenye pete za manjano, zambarau, chungwa,
ikabe koo la mkondo;
dayodi mbili, moja nyuma ya mwenzake,
zisiruhusu zaidi ya volti moja na theluthi;
kapasita iwe bwawa, maji yatulie;
na nyingine iwe bawabu pale mlangoni:
sauti, pita. Umeme, rudi ulikotoka.
Nikalehemu nimebana pumzi,
miwani miwili puani, yangu na ya Mama.

Januari. Theluji hadi magotini.
Mzinga wa nne, ule wenye ubao uliochorwa
shetani akinoa ulimi wa mwanamke.
Nikapenyeza waya kwenye kijilango chao,
nikakokota kebo mpaka jikoni, nikavaa hedifoni.
Nikapima volti mara tatu, kama mtu anayehesabu chenji ya watu.

Kisha wakaja.
Si wimbo, usidanganyike. Ni kama sufuria ya jirani
ikitokota nyuma ya ukuta mnene:
maelfu wanatetemesha misuli bila kuruka
ili katikati pasigande.
Baba aliwasikia hivi, kwa sikio hili?
Hapana. Miaka tisa ya mwisho
alikuwa akiweka kiganja juu ya mbao, basi.

Mama akatoka na kandambili zake kwenye theluji,
akagonga mzinga kwa kifundo cha kidole, mara moja.
Wakalipuka: shhhh.
Nikahesabu. Kundi lisilo na malkia huomboleza kwa muda mrefu.
Moja. Mbili.
Wakatulia.
Yupo.

Gašper, kwenye simu: "Inafanya kazi?"
Sikumjibu. Nilikuwa nimekumbuka
kwamba katika lugha yetu nyuki hafi kama ng'ombe,
hufariki, kama mtu,
na bwana wao akifariki lazima waambiwe,
kwa mdomo, mzinga mmoja baada ya mwingine,
na wiki tatu zilikuwa zimekwisha.
Kidude kile husikia tu, hakipeleki msiba.
Nikazima umeme wa mzuka,
nikaanza kutafuta buti.